Jembe Likishatoka Jukwaani

Nyasubi, Kahama
Jioni, kabla hujarudi

Mwanangu Milembe,

Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, nami nimekaa hapa mlangoni na daftari langu la Kiswahili, naandika kwenye kurasa za nyuma ambazo Mwalimu Nestori huwa hafiki. Sikuulizi hali, maana muda si mrefu uliopita nimekuona ukizunguka na kiatu kimoja ukitafuta cha pili. Wala sitakuandikia habari za kufua, kula na kuchagua marafiki. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa mdogo. Kama hayajaingia hadi leo, karatasi haitayaingiza.

Nataka kujibu swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tunachagua mchele. Ukaniuliza, bila kuinua macho, "Mama, mtu akishalitoa jembe, na jembe limeshakwenda zake, yule anayebaki jukwaani anafanya nini?"

Nikakujibu, "Anaosha vyombo."

Ukakasirika. "Nakuuliza kweli, Mama. Tendo la mwisho limekwama hapo hapo. Nisipolijua hilo, siendi popote."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya waandishi, maana tangu chuo kiupende mchezo wako umekuwa na maneno. Lakini jana nilipoingia chumbani nikakuta begi tupu, na nguo zote umezirudisha kabatini, zimekunjwa vizuri kama za mtu asiye na safari. Ndipo nikaelewa kwamba huniulizi habari za mchezo tu. Basi linaondoka kesho asubuhi, na chuo kimesema asiyefika wiki hii nafasi yake atapewa mwingine. Kwa hiyo najibu leo, na najibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nitasema tena habari za vyombo.

Nianzie Rwamgasa, kule machimboni tulikoishi kabla ya Kahama, maana mchezo wako ulianzia pale hata kama kwenye karatasi umeuanzia kwingine.

Unakikumbuka kile kipande cha chuma kilichokuwa mlangoni kwetu, tulichokwangulia matope ya miguuni? Lilikuwa jembe langu la shamba. Baba yako alilihitaji kule kwenye duara, lile shimo walilokuwa wakichimba yeye na wenzake, kwa sababu mwamba ulikuwa na ufa mwembamba ambao sururu haikuingia. Alilichomoa kwenye mpini, akaenda nalo. Akalikwangulia mawe miezi na miezi mpaka likawa dogo kama mwiko. Kisha zikaja habari za dhahabu mpya mbali sana, akaondoka na wenzake kwenye lori, akasema atatuma ujumbe. Kipande cha chuma kikabaki na sisi.

Ulikuwa mdogo, umechuchumaa mlangoni, ukaniuliza, "Mama, hiki kilikuwa kikubwa kiasi gani?" Nikakuonyesha kwa mikono. "Na kabla ya kuwa chetu?" Nikasema kilikuwa dukani. "Na kabla ya duka?" Nikasema, "Niache nipike." Milembe, nimefanya makosa makubwa kuliko hilo, lakini hilo ndilo linalonirudia nikiwa peke yangu. Mtoto aliniuliza vitu vinatoka wapi, nami nikamwambia aniache nipike. Ikabidi ukajibu mwenyewe, miaka yote hiyo baadaye, kwa mchezo wa matendo manne.

Na ulijibu vizuri. Tendo la kwanza, mhunzi wa kabila la Warongo yuko porini, mbali na mkewe, na mivukuto inahema usiku na mchana mpaka chuma kitoke. Kijana anakuja na mbuzi, anapewa jembe. Tendo la pili, jembe linafika nyumbani kwa binti kama mahari. Binti anaondoka, jembe linabaki na mama yake, halafu mama naye analitoa ili mtoto wake wa kiume akaolee. Tendo la tatu, zama za pamba. Mzee analitoa kwa mjukuu anayehamia Geita na mumewe. Tendo la nne, mchimbaji analichukua kwa mkewe, anaondoka nalo. Kwenye mchezo wako anaondoka nalo. Sikukusahihisha.

Nilipousoma mara ya kwanza nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza masomo ya jioni. Mimi mama mzima, kidato cha pili, nakaa dawati moja na fundi baiskeli. Nilikuwa nimefundishwa mambo ya msuko na msimulizi wiki ile ile, na mtu aliyejifunza kitu juzi hukitumia kila mahali, kama mtu mwenye viatu vipya asiyetaka kukaa chini. Nikakwambia, "Mchezo wa karne nyingi unataka msimulizi, la sivyo watu watapotea." Wewe ulisita. Nikasisitiza. Nikajipa kazi hiyo mwenyewe.

Siku ile kwenye ukumbi wa parokia bado naiona. Nimesimama pembeni na karatasi yangu, nasoma kwa sauti ya darasani, "Sasa tunaingia katika karne nyingine." Jembe likaingizwa kwa ajili ya mahari, na Bibi Holo, aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani, akapaza sauti, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Wewe mayu! Hilo jembe mbona lina mpini?"

Nikasema, "Shikamoo, Bibi. Ndilo jembe lenyewe la mahari."

"Marahaba. Mimi nakuuliza mpini. Mahari gani yenye mpini? Mmeshalilimia, mnampelekea mkwe makombo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasoma haraka haraka ili tupite, tukaingia tendo la tatu, na hapo Masanja muuza mchele akasimama.

"Samahani, msimulizi. Yule bwana harusi yuko wapi?"

"Imepita miaka mingi, kaka. Ameshafariki."

"Amefariki lini? Mbona msiba hatujauona?"

"Kaa chini, Masanja," akasema mtu nyuma, "tutakuita kwenye matanga!"

Tulimaliza hivyo hivyo. Nilikukuta nyuma ya kanga tulizotundika kama pazia, umekaa sakafuni. Hukuwa unalia kwa sababu walicheka. Uliniambia, "Mama, hawalijali jembe. Wanawataka watu. Nami kila wakimpenda mtu, namwondoa."

Kwa sababu ya maneno hayo nilikupeleka kwa Mwalimu Nestori. Ulikuwa huelekei kutaka, ukaburuta miguu njia nzima. Yeye akatusikiliza huku akisahihisha madaftari, kisha akasema, "Kitu hakina hamu. Jembe haliwezi kutaka chochote, na mtazamaji hufuata anayetaka. Msuko ni swali moja ambalo jibu lake linacheleweshwa. Swali lenu ni lipi?"

Ukasema, "Jembe litaishia wapi?"

"Hilo ni swali la mnunuzi wa vyuma chakavu," akasema. "Tafuteni lingine."

Tuliondoka tumenuna wote wawili. Mimi nilinuna zaidi, maana nilitaka anisifu kwa usimulizi. Leo namshukuru. Kama angetusifu tungebaki na ukumbi uliolala.

Swali lilitoka kwa Bibi Holo. Alitukuta sokoni, akatushika mikono, akasema hakutaka kutuaibisha, ila alishindwa kuvumilia. Akatueleza pale pale, kati ya mafungu ya nyanya, kwamba zamani jembe la mahari lilikwenda tupu. Likishatiwa mpini limeanza kazi ya watu fulani, ni lao. Ukitaka kulitoa tena kwa wengine, lazima ulichomoe kwanza. "Chuma kinakwenda," akasema, "mpini unabaki kwako."

Nilikuona ukisimama. Nyanya ilikuwa mkononi mwako, na muuzaji akasema, "Dada, hiyo unanunua au unaifunda?" Hukumsikia. Ulikuwa umepata mchezo wako. Tangu siku ile, kila tendo likawa na mtu anayetia mpini, na kila tendo likaishia kwa mtu anayeuchomoa, anatoa chuma, na anabaki amesimama na kijiti mkononi. Tukamwomba fundi wa kuchomelea atukatie majembe ya ukubwa tofauti, kila tendo dogo kuliko lililotangulia, ili watu waone chuma kinavyoliwa na udongo. Karatasi yangu ya msimulizi niliifungia maandazi. Na tulipocheza tena, shuleni kwenu, hakuna aliyeuliza bwana harusi yuko wapi. Masanja alikuwepo. Tendo la pili lilipokwisha alisema polepole, "Sasa huyu mama naye?"

Ndilo swali lako hilo hilo. Masanja alilitangulia.

Najua mpini unaobaki unafanya nini, Milembe, nami nimekuficha bila kukusudia. Baba yako alipochomoa jembe, mpini ulibaki nyuma ya mlango. Usiku wa kwanza baada ya lori kuondoka niliuegemeza mlangoni kuwa komeo, maana komeo letu lilikuwa bovu na yeye ndiye aliyekuwa akisema atalitengeneza. Nikaendelea hivyo. Kila jioni naweka, kila asubuhi natoa. Mwanzoni nilikuwa nafunga ili mtu asiingie. Baadaye niligundua kwamba kila asubuhi nilipoutoa nilikuwa nachungulia nje kwanza, barabarani. Nilifanya hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukuambia. Ningeweza kuhamia Kahama mapema, ningeweza kurudi shule mapema. Nilikaa pale kwa sababu nilidhani mtu anayebaki kazi yake ni kungoja. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliamini tu kwamba tendo linaendelea huko alikokwenda yeye, na kwangu taa zimezimwa.

Halafu kuna bibi yako, mama yangu, ambaye hukumjua.

Niliondoka kwake, kijijini upande wa Chato, nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Baba yako alikuja na pikipiki ya rafiki yake. Mama alikuwa anapepeta uani, akasimama na ungo wake. Nikapanda. Sikugeuka. Sikugeuka kwa kiburi, nilitaka aone kwamba naweza. Na miaka yote niliyoishi Rwamgasa, hata nilipokuwa nauegemeza ule mpini mlangoni, haikunijia hata mara moja kujiuliza mama yangu alifanya nini pikipiki ilipopotea.

Niliambiwa kwenye msiba wake. Jirani yake, Mama Sumbuko, alikaa karibu nami jikoni, akasema, "Leokadia, siku uliyoondoka mama yako alinichekesha na kuniliza. Aliingia ndani, akatoka, akaingia, akatoka. Nikamwuliza, Mama Leokadia, unatafuta nini? Akasema, natafuta ungo wangu. Naye ameushika!"

Tukacheka wote wawili, mbele ya chungu cha msiba, na wanawake wengine wakatutazama vibaya.

"Jioni akaja kwangu na ugali wa muhogo na dagaa," akaendelea. "Akasema, umezidi. Alisonga wa watu wawili, mkono ulikuwa umezoea. Kesho yake ukazidi tena. Na kesho kutwa. Sikumwambia kitu. Nikaacha kupika jioni."

Nikamwuliza, "Uliacha kupika?"

"Nikaacha. Nikisikia anasonga, mimi nakaa nangoja. Ningepika, chakula chake kingezidi kweli."

Mwanangu, nimesoma maana ya mgogoro, maana ya kilele, na maana ya ufumbuzi, na nimepata alama nzuri. Lakini katika yote niliyofundishwa sijakuta jambo lililonieleza mwisho wa kitu kama hili la mwanamke aliyeacha kupika ili chakula cha jirani yake kisizidi. Na ona, ningekuwa naandika kisa cha maisha yangu ningekiandika kama ulivyoandika mchezo wako: mama anasimama na ungo, pikipiki inaondoka, tunaifuata pikipiki hadi Rwamgasa. Mama Sumbuko asingeonekana kabisa. Angekuwa upande ule ambao taa zimezimwa.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, ulipokee kama jibu la mwanafunzi mwenzako, na kama ni baya ulifute.

Usizime taa. Mhunzi akishatoa jembe, asitoke jukwaani. Akae chini pale pale karibu na tanuri lake lililopoa, na mpini wake. Tendo la pili liingie yeye akiwa bado amekaa. Watu wa tendo la pili wasimwone, wampite tu. Mama wa binti naye akishabaki, asitoke. Akae karibu na mhunzi. Hawasemi kitu. Wametengana miaka mingi sana, lugha zao huenda hazielewani. Mzee wa pamba naye aje akae. Hivyo jembe linavyozidi kuwa dogo, wale waliobaki wanazidi kuwa wengi. Ukifika tendo la nne, upande mmoja una chuma kidogo kama mwiko na mtu mmoja anayeondoka nacho, na upande mwingine una watu. Nadhani Masanja hatauliza tena.

Sijui kama huo ni msuko sahihi. Nilimdokeza Mwalimu Nestori jana baada ya kipindi, bila kumwambia ni kwa ajili ya nani. Akasema, "Na swali lenu linajibiwa wapi?" Nikasema, "Mwishoni, yule mke wa mchimbaji, mwanamke wa Rwamgasa, anapotafuta pa kukaa." Akafunga begi lake, akaniambia niandike hivyo kabla sijasahau. Ndiyo sababu naandika.

Sasa kuhusu kesho. Sitakudanganya kwamba sitakuwa mpweke. Nyumba hii ni ya vyumba viwili na tayari leo, umekwenda tu mtaa wa pili, naisikia ilivyo. Hakuna shangazi atakayekuja kukaa nami, na sitaki uende ukidhani yupo. Nitapika kingi. Huenda nitatafuta kitu nilichokishika. Jioni nitakwenda darasani, na fundi baiskeli ataniuliza binti yuko wapi, nitasema ameondoka, na sauti yangu haitakuwa nzuri. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha kukuzuia. Mimi nilipoondoka kwetu hakuna aliyeniambia ukweli wa kinachobaki, nikaondoka kama mtu anayekimbia mvua. Wewe nataka uondoke ukijua. Ni tofauti kubwa, na nisingeijua kama usingeniuliza.

Nguo zako sikuzirudisha kwenye begi. Nilizigusa, nikaziacha. Kufunga begi ni kazi ya anayeondoka.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome leo, kabla hujaamua, wala si ndani ya basi ambako utalia mbele ya kondakta. Ukimaliza kuisoma usije kunikumbatia na kuniambia utabaki. Njoo na tendo la mwisho ulilolirekebisha, tulisome pamoja pale mezani, unibishie panapohitaji kubishiwa.

Na kesho, basi likishatoka stendi na kushika barabara kubwa, mimi nami nitaingia upande ule wa waliobaki. Nitasimama kidogo, kama mgeni, sijui nikae wapi. Mhunzi yupo pale, na mama wa binti, na mzee wa pamba, na bibi yako na ungo wake, na Mama Sumbuko anayengoja kusikia ugali ukisongwa. Hawatanisemesha. Usigeuke kutazama kama nimepata nafasi, Milembe.

Watasogea.

Mama yako,
Leokadia